Nani anapika chajio Kilifi?

*Pakiti ya dukani huiva kwa dakika tatu. Wali wa nazi unataka moto, muda na nazi, na vyote vitatu vimekuwa ghali. Ila Pwani ina jiko jingine, na hilo halitajwi katika mipango ya wakubwa.*

Kuanzia saa kumi na mbili jioni, tuktuk za Malindi, Kaunti ya Kilifi, hushusha mitaani watu waliochoka: wafanyakazi wa hoteli za Casuarina na Silversand, wauza leso wa ufuoni, walimu, vibarua wa mjengo. Maweni, Kisumu Ndogo, Barani, Muyeye, kila kituo kina sura ileile. Mama anashuka na mkoba, anasimama, anatazama kulia na kushoto. Atakachoamua katika dakika hiyo ndicho watoto watakachokula.

Kulia ni duka. Rafu ya mbele, ile inayofikiwa na mkono wa mtoto, ina tambi za papo hapo, biskuti, juisi za unga na viazi vilivyokaangwa kiwandani. Mbele ya duka kijana ameegesha mkokoteni, anapasua smokie katikati na kuijaza kachumbari. Kushoto, nyuma ya karai la mafuta, ameketi mama karanga. Tafi na vibua waliokwisha kuiva wamepangwa kwenye kabati la kioo, wengine bado wamo karaini, na kando kuna bakuli la ukwaju uliotiwa pilipili.

Nyumbani kuna jiko la makaa, mbuzi ya kukunia nazi na fungu la mchicha lililonunuliwa asubuhi. Kufikia saa hii limenyauka.

Mhariri alinituma nitafute kwa nini kaunti yenye bahari, minazi na bonde la mto Sabaki inazidi kula vya pakiti. Jibu linalotolewa harusini, barazani na hata mimbarini ni moja: wanawake wa siku hizi wavivu. Nimelisikia vya kutosha na silikubali. Anayetaka ukweli aanze na moto.

Hesabu ya moto

Chukua chakula ambacho mtu wa Pwani hakihesabu kuwa cha anasa: wali wa nazi na mbaazi. Mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa saa nzima au zaidi. Nazi mbili huvunjwa, hukunwa, hutiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa. Tui zito huwekwa kando, tui jepesi hutangulia jikoni. Mchele huchambuliwa, huoshwa, hupikwa, halafu hupaliwa makaa juu ya mfuniko mpaka tui likauke. Aliyeingia nyumbani saa moja usiku atapakua saa tatu, na mdogo wa nyumba atakuwa ameshalala.

Pakiti ya tambi inataka maji yachemke tu.

Tofauti hiyo haiishii kwenye saa. Vyakula ambavyo shamba hutoa kwa bei nafuu ndivyo vinavyokula makaa zaidi: mbaazi, maharage, pojo, pure ya mahindi. Mnyonge hulipa mara mbili, kwanza sokoni, kisha kwa muuza makaa.

Serikali nayo imekuwa ikiyumba. Februari 2018 ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na Julai 2023 ikaondoa marufuku hiyo. Gesi ya kupikia ilitozwa kodi ya VAT ya asilimia 16 mwezi Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikafutiwa kodi hiyo mwaka 2023. Mama aliyenunua mtungi wa kilo 6 akiamini ameagana na moshi alijikuta akiutumia kwa chai ya asubuhi peke yake, na mbaazi zikarudi kwenye makaa. Vijijini Ganze na Magarini, mjadala huo wa gesi ni wa watu wa mbali. Huko kuni bado zinabebwa kichwani.

“Mnyonge hulipa mara mbili, kwanza sokoni, kisha kwa muuza makaa.”

Nazi zimeota miguu

Kilifi na Kwale ndizo ngome za mnazi hapa Kenya. Hata hivyo nazi kavu, ile ya tui, ina wengi wanaoigombania kabla haijafika jikoni.

Kuna dafu, linaloangushwa likiwa bichi kwa ajili ya watalii na malori ya bara. Kuna mgema. Mti unaogemwa hauzai nazi, kwa kuwa tembo hutoka kwenye ua lilelile ambalo lingekuwa shada la nazi. Mgema hupata pesa kila siku, lakini nazi huchukua karibu mwaka mzima kutoka ua hadi kukomaa. Mzazi wa Kaloleni au Rabai mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hawezi kungoja mwaka. Simlaumu.

Na nazi ikishapatikana, kuna mbuzi. Aliyekua Pwani anaijua kazi yake: unakaa kwenye ubao, unakishika kifuu kwa mikono miwili, unakizungusha juu ya meno ya chuma huku nazi iliyokunwa ikianguka kwenye sinia. Ukikuna kwa pupa unafika kwenye ganda na tui linageuka rangi. Ukizubaa, kidole kinachanika. Ni kazi ya ustadi, na kwa miaka mingi imekuwa ya binti wa nyumba. Binti huyo sasa yuko darasani hadi alasiri, kisha ana kazi za shule. Ni jambo jema. Pengo aliloacha ndilo lililojazwa na tui la kopo na tui la unga.

Tui la unga si sumu. Lakini soma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Katika nyingi utakuta pia maltodekstrini, wanga uliosagwasagwa kitaalamu, na kaseinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe, vilivyotiwa ili unga usigande na uchanganyike vizuri na maji. Bibi zetu hawakuhitaji vitu hivyo kwa sababu tui lao halikuwa na haja ya kukaa rafuni mwaka mzima.

Kati ya hayo mawili imezuka njia ya tatu, na mimi naipenda. Katika masoko ya mjini wapo wafanyabiashara wenye mashine ya umeme ya kukunia. Unachagua nazi yako, inavunjwa mbele yako, inakunwa, unaondoka na nazi iliyokunwa mfukoni. Kazi ya nusu saa imekwisha kwa dakika chache, na ndani yake hakuna kitu ila nazi.

Kilichowapata mabaharia

Malindi imewahi kuona kwa macho yake kinachomfika mtu anayeishi kwa chakula cha akiba. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Aliporudi, safari ya kuvuka bahari ilichukua karibu miezi mitatu. Chakula cha melini kilikuwa biskuti ngumu na nyama ya chumvi. Ufizi wa mabaharia ulivimba ukafunika meno, miguu ikafura, na watu wapatao 30 wakafa njiani kwa kiseyeye.

Januari 7, 1499 walifika tena Malindi. Shajara ya safari ile inaeleza kwamba mfalme aliwapelekea kondoo, na nahodha mkuu akaagiza machungwa kwa sababu wagonjwa waliyatamani sana. Yaliletwa kesho yake pamoja na matunda mengine. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa, wakafia hapahapa.

Sisemi tambi za dukani zitatuletea kiseyeye. Nasema ardhi hii ilikuwa ikitoa tiba ambayo Ulaya ilikuwa haijaijua jina, na bado inaitoa. Leo kuna ndimu, ukwaju, maembe ya ngowe na boribo, kisamvu, matembele, mnavu, mtsunga wenye uchungu ambao Mgiriama hali sima bila kuukumbuka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Mtwapa kimezifanyia kazi mboga hizi, na ndiko zilikotoka mbegu za muhogo kama Tajirika, Karembo na Shibe.

Hoja za upande wa duka

Wenye kutetea vyakula vya viwandani wana hoja, na haifai kuzipuuza.

Kwanza, kusindika si uzungu. Papa mkavu, ng'onda, achari ya maembe, dagaa walioanikwa kwenye jamvi: yote hayo ni kazi ya kuhifadhi chakula, na Pwani iliijua kabla ya friji. Pili, kiwanda kimewahi kuokoa maisha. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano uliofungashwa uongezwe vitamini na madini, ikiwemo folati na chuma. Chumvi hutiwa madini joto, na sehemu kubwa ya chumvi ya nchi hii hutoka papa hapa, kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni, ambako wanawake na vijana huikokota juani kabla haijaingia kwenye pakiti nyeupe.

Tatu, na hili ndilo zito, pakiti haiozi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani aliyepanga chumba kimoja Kilifi mjini hana friji. Samaki aliyenunuliwa asubuhi hafiki jioni katika joto hili. Tambi zitamsubiri wiki tatu bila kudai kitu.

Kwa hiyo mpaka hauko kati ya kilichosindikwa na kisichosindikwa. Mtafiti wa Brazil, Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, na wenzake waliugawa ulimwengu wa chakula katika makundi manne. Kundi la mwisho ni la vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, vilivyoundwa kwa viungo ambavyo hakuna jiko la nyumbani lenye kuvitunza: rangi, vionjo, vigandishi, wanga uliobadilishwa. Soda, soseji nyingi, tambi za papo hapo na viazi vya pakiti vyenye ladha viko humo. Ng'onda hayumo.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya jaribio. Watu wazima 20 walikaa wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na wiki mbili wakila visivyosindikwa hivyo. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizowekwa mezani zilisawazishwa. Kila mtu alikula alivyotaka. Katika wiki za vyakula vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka uzito kwa takriban gramu 900 katika wiki mbili.

Lakini jaribio hilohilo lilitoa takwimu ambayo mama wa Maweni angeielewa mara moja. Viungo vya mapishi mabichi viligharimu dola 151 kwa wiki, vya viwandani dola 106. Hata huko Marekani, pakiti ilishinda kwa bei. Na waliokuwa wakila hawakupika wala kuosha sufuria.

Asilimia 37

Sasa tuje kwenye jambo linalonikera zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulikuta watoto 39 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Wastani wa nchi ulikuwa 26. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulionyesha wastani wa nchi umeshuka hadi 18. Kilifi ilikuwa na 37, idadi ya juu kuliko kaunti zote. Kenya ilipiga hatua, sisi tukabaki kizingitini.

Katika utafiti huohuo wa 2022, wanawake 45 kati ya kila 100 wa miaka 20 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Mambo haya mawili yanaweza kukaa chini ya paa moja: mtoto aliyedumaa na mama mwenye uzito uliopita kiasi, wote wakila kutoka rafu moja.

Udumavu hauletwi na pakiti. Unaletwa na ukame unaorudi Ganze na Magarini, maji machafu, kuhara kusikokwisha, mama anayebeba mimba akiwa bado msichana, na sahani ya sima tupu siku baada ya siku. Ila pakiti haiuponyi. Shilingi chache za nyumba maskini zikienda kwenye unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta na chumvi, tumbo la mtoto hushiba na mifupa yake haipati kitu. Chumvi ya pakiti moja tu ya tambi inaweza kukaribia nusu ya gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizipite kwa siku. Dagaa waliopondwa, kijiko cha tui na majani ya kunde vingemfaa mtoto huyo zaidi.

“Kenya ilipiga hatua, sisi tukabaki kizingitini.”

Jiko la tatu

Mjadala huu huharibika kwa sababu unafanywa kana kwamba kuna majiko mawili tu, la nyumbani na la kiwandani. Mtu wa Malindi anajua lipo la tatu.

Asubuhi, mtoto hutumwa na sahani kwa jirani alete mahamri na mbaazi za nazi. Hivyo ndivyo miji ya Waswahili ilivyofungua kinywa kwa miaka na miaka. Hakuna aliyemwita mama yake mvivu kwa kununua mahamri. Jioni kuna viazi karai, bhajia, muhogo wa kukaanga, mkate wa mofa, na samaki wa mama karanga. Ni chakula cha kununua, cha haraka, cha mkononi. Kimepikwa leo na mtu unayemjua jina, kwa vitu vilivyotoka baharini na shambani, na pesa yake inalala mtaani.

Kasoro zipo. Mafuta yaleyale huchemshwa mara nyingi hadi yawe meusi, na hilo ni hatari kwa moyo. Vingi ni vya kukaanga, na mahamri matatu kwa chai yenye sukari nne si mlo wa kumsifia mtu. Maji safi ya kunawa ni shida penye vibanda. Isitoshe, mama karanga mwenyewe yuko mashakani. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki, samaki huadimika. Wakipatikana, pweza na samaki wakubwa huchukuliwa na wachuuzi wa hoteli na wa nje, na yeye hupigania mabaki ufuoni bila barafu ya kuwahifadhia. Halafu hutozwa ushuru wa siku, na akipanga karai mahali pasipotakiwa hufukuzwa.

Pakiti haifukuzwi na mtu.

Kuna na wanaume. Majikoni mwa hoteli za Malindi na Watamu, wapishi wengi ni wanaume wa hapahapa. Wanakanda tambi mbichi kwa unga na mayai kwa ajili ya wageni wa Kiitaliano, ambao wamekuwa wakija tangu kituo cha anga cha San Marco kilipojengwa Ngomeni miaka ya 1960. Wanajua kupika changu asikauke. Wengi wao wakifika nyumbani hawagusi mwiko. Mwanamume anayeweza kumpikia mgeni sahani tatu kwa usiku mmoja anaweza kukuna nazi moja kwa ajili ya wanawe. Na mtoto wa kiume akalishwe kwenye mbuzi kama dada yake.

Kilicho mikononi mwa kaunti

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na chenye ubora unaokubalika. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeipa serikali ya kaunti mambo manne yanayohusu makala hii moja kwa moja: uvuvi, masoko, shule za chekechea, na utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula. Hakuna haja ya kusubiri Nairobi.

Mambo ya kufanya hayahitaji mabilioni. Mitambo midogo ya barafu kwenye bandari za wavuvi, mama karanga wakiuziwa barafu kwa bei ya chini. Bomba la maji na kivuli kwenye kila kituo cha vibanda. Afisa wa afya anayepita kukagua rangi ya mafuta na kufundisha, kabla ya yule anayepita kubeba karai. Mashine za kukunia nazi kwa vikundi vya akina mama sokoni. Na uji wa chekechea upikwe kwa mtama, kunde na dagaa vilivyonunuliwa kwa wakulima na wavuvi wa kaunti hii, siyo biskuti.

Tunaweza. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora duniani. Kazi hiyo, inayohusisha Makavazi ya Kitaifa, ilitumia watoto wa shule kukusanya maarifa ya wazee wao juu ya mboga na mapishi. Shule za Kilifi zina wazee wa kuulizwa na mashamba ya kuonyeshwa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa wawakilishi wa wadi kufikia Aprili 30, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Wewe unayekula mahamri ya jirani kila asubuhi na samaki wa mama karanga kila jioni, nenda ukakae kwenye kimoja. Ulizia barafu, maji na kivuli, na usitoke mpaka viandikwe.